Kumi na Tano Nukta Nane

Mume wangu ni fundi mizani, na kama hujawahi kuishi na fundi mizani, shukuru. Mtu huyu haamini kitu ambacho hakijapimwa. Ukimwambia chai imekolea, anauliza majani uliweka vijiko vingapi. Ukimwambia mvua imenyesha sana, anatoka uani kuchungulia ndoo. Miaka ishirini na sita tumeoana, mabinti wawili pacha tumewakuza mpaka wakaolewa, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia "nimechoka" akaniamini mara ya kwanza. Sokoni wanamwita Bwana Gramu. Mimi namwita Baba Pacha, na nikikasirika simwiti kitu.

Lakini ufundi anao, hilo nisimnyime. Meza yake iko mwisho wa soko, chini ya dirisha. Ana kisanduku cha mawe ya mizani kilichotandikwa kitambaa chekundu, na ole wako uguse jiwe kwa mkono mtupu, maana jasho nalo lina uzito. Wauza nyama na wauza mchele wanamletea mizani iliyoanza kusema uongo. Anaifungua, anaisafisha, anairudisha sifuri. Na ana sheria moja isiyovunjwa: mizani haipewi maji. Maji yanaingia kwenye springi, springi inashika kutu, mizani imekwisha. Yeye ni pamba na spiriti, anasugua mpaka sahani inalia kwi-kwi. Muuza nyama akikutwa bombani anaosha sahani ya mizani, soko zima litasikia siku hiyo.

Mimi nauza matunda ya kukatwa, meza ya nne kutoka kwake. Nanasi, papai, tikiti, chungwa. Kisu changu kinaanza kazi saa mbili asubuhi na hakipumziki mpaka mchana. Na hapohapo nina ugonjwa wa sukari, cheka ukitaka, wenzangu walishacheka wakachoka. Mwaka wa tatu sasa. Kila siku najichoma sindano ya insulini kabla ya kula, na katika miaka hiyo mitatu sijaweka hata kipande kimoja cha nanasi mdomoni. Kimoja!

Mwaka huu pacha wa kwanza akanitumia mashine ya kupimia sukari nyumbani. Kidude kidogo cha kutosha kiganjani: unachoma kidole, unagusisha tone la damu kwenye kijikaratasi, namba inatokea. Alinitumia mimi. Sasa nani alifungua boksi? Nilitoka kuoga nikamkuta Baba Pacha na miwani yake ya kazi, karatasi ya maelezo kaitandaza mezani, anaisoma kwa lenzi kama hati ya kiwanja.

Wiki ya kwanza nilijipima mwenyewe, asubuhi, jikoni. Nanawa mikono, najikausha kwa khanga, nachoma. Saba. Saba na nusu. Nikafurahi. Siku ya nane akaniona bombani.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nanawa. Nataka kupima."

"Maji? Unataka kupima, halafu unatia maji? Tone la damu litachanganyika na maji, utapima uji!"

"Karatasi yao imesema ninawe kwa maji na sabuni, Baba Pacha. Wewe mwenyewe ulinisomea."

"Hayo wamewaandikia watu wasio na spiriti."

Basi, kidole changu kikahamia kwake. Asubuhi nyumbani, na mchana sokoni kabla sijala, kwa sababu muuguzi wa zahanati alishasema tupime na mchana pia. Alikuja mezani kwangu saa sita kamili, pamba mkononi, ananisugua kidole kama sahani ya muuza nyama. Mimi nilikuwa najifuta tu kwa kitambaa changu, yeye anamalizia na spiriti. Anachoma. Anasubiri. Anaandika kwenye daftari.

Asubuhi ilikuwa saba. Mchana, kumi na sita nukta mbili.

Moyo ulinipasuka. Kumi na sita! Muuguzi alishatupatia karatasi: namba ya mchana ikizidi kumi na tatu, ongeza yuniti nne za insulini, ikizidi kumi na sita, ongeza sita. Baba Pacha akaongeza sita. Kesho yake kumi na saba. Keshokutwa kumi na tano na kitu. Asubuhi zote sawa, mchana wote juu. Yeye akaanza kunitazama.

"Mama Pacha, niambie tu. Unaonja?"

"Naonja nini?"

"Mtu yuko kwenye nanasi kutwa nzima. Kipande hapa, kipande pale, wala hujui kama umekula."

"Sijala!"

"Mashine haina sababu ya kukusingizia."

Haki ya nani, afadhali angenipiga kofi. Mtu unajinyima miaka mitatu, mate yanakujaa unayameza, halafu mumeo mwenyewe anakwambia mashine haina sababu ya kukusingizia. Nililia pale nyuma ya meza nikasingizia maganda ya chungwa yamenirukia machoni.

Na kilichonitia hofu zaidi si maneno yake. Ni mwili wangu. Kila siku ikifika saa nane, saa tisa, mikono ilianza kutetemeka. Jasho jembamba mgongoni, na huku nasikia baridi. Njaa ya ajabu, njaa ya kutaka kula meza. Siku moja nilikosa papai nikajikata kucha. Nikamwita.

"Baba Pacha, natetemeka. Nahisi sukari imeshuka."

Akaja na pamba yake. Akasugua, akachoma. Kumi na nne.

"Imeshuka wapi? Iko juu. Kutetemeka kwako ndiyo sukari yenyewe imepanda."

Sasa wewe ungefanyaje? Namba iko pale, imeandikwa, haina macho ya aibu. Nilianza kujiona mwongo mimi mwenyewe. Labda kweli naonja bila kujua? Labda usingizini? Nikawa nanyamaza nikitetemeka. Nikawa napunguza chakula cha mchana ili namba ishuke: nusu sahani, halafu robo. Insulini inaongezwa, chakula kinapungua, na kila saa sita namsubiri yule mtu na pamba yake roho ikiwa mkononi.

Siku ya kumi na tatu ya pamba yake mashine ilisema kumi na nane nukta nne. Akanichoma sita za ziada. Mimi kwa woga nikala vijiko vinne, nikafunika chakula.

Haikufika saa nane. Mteja aliniagiza tikiti, nami nikamkabidhi kisu badala ya kikombe cha vipande. Alikipokea, akanitazama, akakirudisha mezani polepole. Fundi cherehani wa meza ya jirani ndiye aliyestuka. Huyu ni shoga yangu, mdomo wake hauna breki, lakini moyo wake ni wa dhahabu.

"Shoga! Shoga, nitazame. Mbona macho yako yamekaa hivyo? Hii ni sukari imeshuka, mama yangu alikuwa hivihivi!"

Akanivuta nikakaa kwenye ndoo. Akakimbia, akarudi na chupa ya soda, imeshafunguliwa. Naikumbuka ile chupa kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Ilikuwa na vitone vya baridi, na mimi nilikuwa naitaka kwa mwili mzima. Lakini Baba Pacha alishafika. Pamba. Spiriti. Kisindano.

"Kumi na tano nukta nane," akasema. "Usimpe."

"Mtazame alivyo!"

"Nimepima! Ni kumi na tano nukta nane, ukimpa soda utamuua!"

Akasimama katikati yetu, mikono ameitanua. Mume wangu. Mtu ninayempikia. Nilijaribu kusema "nipe", ulimi ukawa mzito kama gunia lililolowa. Fundi cherehani alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. Nikaona kola ya shati la mume wangu, ile niliyoishona mimi wiki iliyopita. Baada ya hapo sikuona kitu.

Yaliyofuata niliambiwa. Walinibeba kwenye gari la muuza nyama mpaka zahanati. Muuguzi alinichoma mshipa wa kwenye kiwiko anitundikie dripu, na kwa damu ileile ya kiwiko akapima. Moja nukta tisa. Mtu mwenye moja nukta tisa hana dakika nyingi za kuchezea, alisema hivyo hivyo, mbele ya mume wangu.

Nilizinduka jua likiwa bado dirishani. Baba Pacha alikuwa kwenye benchi pembeni ya kitanda, ile mashine kaishika kwa mikono miwili. Midomo yake imekauka, imekuwa myeupe. Neno lake la kwanza kwangu, mimi niliyerudi kutoka huko nilikokuwa, unajua lilikuwa nini?

"Ilisema kumi na tano nukta nane."

Nikageukia ukutani.

Asubuhi yake alimwomba muuguzi wazishindanishe mashine zote mbili, yake na ya zahanati. Nilikuwa nimeshaogeshwa, nimesafishwa kama mtoto mchanga. Kidole kimoja, tone moja. Ya zahanati ikasema saba nukta mbili, yake ikasema sita nukta tisa.

"Baba, mashine yako ni nzima," muuguzi akasema. "Hizi za nyumbani hupishana kidogo, hilo ni kawaida. Lakini kutoka moja na kitu mpaka kumi na tano, hapana. Hapo kuna kitu kingine."

"Kitu gani?"

Alifungua mdomo ajibu, mlangoni akaletwa mama mwenye uchungu, naye akaondoka mbio. Alirudi baadaye na maneno mawili tu: zile yuniti za ziada tuziache kabisa, na nikitetemeka nipewe kitu cha sukari kwanza, namba baadaye. Baada ya wiki turudi na daftari.

Tukarudi nyumbani na hofu mbili. Yangu ilikuwa ya mashine na ya yule aliyeishika. Yake sijui ilikuwa ya nini, maana hakusema. Aliikagua ile mashine kama mizani ya wizi. Ina kichupa cha maji yake ya majaribio, alitia tone, ikajibu sawasawa. Akakagua betri. Akakagua tarehe za vijikaratasi, havijapitwa. Kila alichogusa kilikuwa sawa, na kila kilipokuwa sawa yeye alizidi kunywea. Kama ingekuwa mbovu angeilaani na kuitupa, tukaendelea na maisha. Nzima, je? Mtu anaishi vipi na mashine nzima iliyotaka kumuua?

Siku tano sikwenda sokoni. Kidole changu sikumpa, nilijipima mwenyewe, bombani kwangu, yeye kasimama mlangoni anasubiri namba kama mtu anayedai deni. Asubuhi sita. Mchana nane. Mchana saba. Siku ya tano akashika tama, akasema taratibu:

"Ukikaa nyumbani iko sawa. Ukienda sokoni inapanda."

Akaniinulia macho. Nikaona anachokifikiria kabla hajakisema.

"Thubutu!" nikamwambia. "Thubutu useme naonja!"

Bakuli lililokuwa mkononi mwangu lilifika ukutani kabla sijajua nimelirusha. Halikumpata, na sikukusudia limpate, ingawa sikukasirika sana nilipoona ameinama. Aliokota vipande vyote, akavifunga kwenye gazeti. Siku ile hatukusemezana tena.

Siku ya sita nikarudi kwenye meza yangu. Naye, amini usiamini, akafunga kazi zake, akaja na kigoda akaketi ubavuni mwangu kama askari wa benki. Alikuja kunilinda nisionje. Lakini Baba Pacha hawezi kukaa na mikono mitupu. Haikupita nusu saa kashika kisu cha pili, anamenya nanasi. Anamenya vizuri, lazima niseme, maganda membamba yanayolingana. Tulifanya kazi hivyo asubuhi nzima, juisi inatutiririka mpaka viwikoni, watu wanapita wanatania kwamba Bwana Gramu sasa anapima mananasi kwa macho.

Saa sita ikafika. Akafuta mikono yake kwa kitambaa changu, akatoa pamba.

"Nimekuona tangu asubuhi," akasema. "Hujaweka kitu mdomoni. Shahidi ni mimi."

Nikamnyooshea kidole. Akasugua kwa spiriti. Akachoma.

Kumi na sita nukta tisa.

Macho yalimtoka. Alinitazama mimi, akaitazama mashine, akanitazama tena. Na mimi hasira ikanipanda kuliko hofu.

"Haya, na wewe jipime! Si tumeshinda wote hapa? Maji tumekunywa chupa moja. Jipime, fundi!"

Mume wangu hana sukari. Hajawahi kuwa nayo, ana afya ya kuudhi. Alijisugua kidole kwa pamba na spiriti, sawasawa, kama anavyofanya siku zote. Akachoma. Sote watatu tukainama, maana fundi cherehani alishaacha cherehani yake.

Kumi na saba nukta sita.

"Heee!" fundi cherehani akapiga kofi. "Bwana Gramu, karibu chamani!"

Hakucheka. Alikaa ameshika kile kidole chake mbele ya uso. Akakinusa. Akakinusa tena, halafu akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Nikaona uso wake unabadilika, damu inaondoka kidogo kidogo.

Akasimama akaenda bombani. Baba Pacha, bombani! Akaomba sabuni kwa muuza samaki. Alinawa mpaka watu wakaanza kumwangalia, akajikausha kwa pindo la shati, akarudi, akachoma kidole kilekile pembeni kidogo.

Tano nukta mbili.

"Njoo," akaniambia. Alininawisha yeye mwenyewe. Kidole kwa kidole, mpaka chini ya kucha. Akanikausha. Akachoma.

Sita nukta moja.

Niliielewa ile namba polepole. Sukari ya nanasi ilikuwa kwenye ngozi, na spiriti haikuiondoa, iliisambaza tu. Tone la damu lilipotoka liliichukua. Siku kumi na tatu tulikuwa tunapima nanasi.

"Sahani ilikuwa na mzigo," akasema. "Nimepima juu ya sahani yenye mzigo. Mimi." Akafungua daftari, kidole chake kikashuka mstari kwa mstari. "Sita. Sita. Nne. Sita. Nne..." Zile zote ni yuniti za insulini alizonichoma kwa mkono wake, kwa ajili ya sukari iliyokuwa nje ya mwili wangu. Alipofika mstari wa mwisho hakuusoma. Akamgeukia fundi cherehani. "Na wewe ulikuwa na soda mkononi."

Fundi cherehani alitazama chini.

"Nilikuambia natetemeka," nikamwambia. Nilitaka kuongeza mengine, nilikuwa nayo ya kutosha wiki nzima. Lakini alishaweka uso kwenye viganja, mabega yanamcheza, katikati ya soko, mchana kweupe. Nikaendelea kukata papai kwa sababu mteja alikuwa amesimama.

Tulimpelekea muuguzi habari pamoja na daftari. Alisema maji na sabuni, mikono ikauke, basi. Sasa chini ya meza yangu kuna birika, beseni na taulo dogo ambalo haliruhusiwi kufutia kitu kingine chochote. Mkono wa kunimiminia maji ni wa Baba Pacha. Kunichoma sindano hawezi tena, anasema vidole vinamgoma, kwa hiyo najichoma mwenyewe. Hofu haijaondoka. Kila namba ikitokea nasubiri kwanza moyo utulie, ndipo naisoma.

Juzi, saa nane hivi, nilikuwa namenya chungwa, kisu kikaanza kuchezacheza. Nikakiweka chini. Nilinyamaza kidogo, zile siku kumi na tatu zimenifundisha kunyamaza vibaya. Halafu nikamwita.

"Baba Pacha. Natetemeka."

Akaja mbio, mashine mkononi. Akafika, akanitazama usoni, siyo kidoleni. Mashine akaiweka mezani, kati ya maganda, bila kuiwasha. Akainama chini ya meza, akatoa soda, akaifungua kwa meno kama kijana, akaniwekea mdomoni, akashika chupa yeye mwenyewe kwa sababu mikono yangu haikuweza. Mkononi mwake chupa ikawa inagonga meno yangu.

"Kunywa," akasema. "Kunywa, mke wangu. Tutapima baadaye."